Fundi kaniambia mguu wangu bado haujahamia mjini. MGUU WANGU!

Mpangaji_wa_Juu (mleta uzi)

Wakuu, naandika nimekaa sakafuni, goti limefungwa kanga ya mke wangu, na nina hasira ambazo hata maji ya baridi yamekataa kuzishusha.

Jina sitaji. Ila mnamjua. Yule yule wa pikipiki nyekundu, mwenye penseli sikioni ambayo sijawahi kuiona ikiandika kitu. Nusu ya maghorofa ya huku kwetu kayajenga yeye, nusu iliyobaki kaianza akazima simu.

Nyumba yetu chini ni fremu za maduka, sisi tunaishi juu. Jiko la mkaa liko uani, sebule iko juu, katikati kuna ngazi ya vidato 18. Jumapili wakaja wakwe. Mke wangu akasema leo sufuria ubebe wewe, mama akuone unavyojituma. Nikabeba. Pilau la mchele kilo 4, la moto. Vidato 17 nimepanda kama askari wa gwaride. Cha 18, cha mwisho kabisa, mguu ukanyanyuka kwa kimo kile kile ulichozoea, ukakuta ukuta.

Sikutangulia mimi, lilitangulia pilau. Mimi nikafuata kwa magoti, nikateleza juu ya vigae moja kwa moja mpaka miguuni kwa mama mkwe. Salamu nilishaianza nikiwa mlangoni, "Shikam", nikaimalizia njiani, "oooo!" Mama wa watu hakujua aitikie au apige yowe. Akaitikia marahaba. Na mchele kwenye kilemba.

Narudia: MCHELE KWENYE KILEMBA.

Kidato cha nne nilifaulu. Cha 18 nimefeli mbele ya ukoo mzima.

Leo asubuhi nikamwita yule bwana aje aone kazi yake. Kaja. Kapanda mbio mbio huku anaongea na simu, hakujikwaa hata chembe. Atajikwaaje wakati mtego kautega mwenyewe? Akashuka, akapanda tena kunionyesha. Kisha akainama akautazama mguu wangu. Ngazi hakuitazama, aliutazama MGUU. Akasema: "Kaka, ngazi haina shida. Mguu wako ndio bado haujahamia mjini."

Mguu huu umezaliwa Temeke! Umekanyaga lami kabla haujakanyaga udongo!

Halafu kaomba nauli.

Alipoondoka nikachukua futi kamba nikapima. Kidato cha kwanza sentimita 13. Vya katikati 17, 17, 17, safi kabisa. Cha mwisho 21. Hicho ni kaunta ya duka. Lakini sikuja hapa kubishania vipimo. Nimekuja kwa ajili ya mguu wangu. Hivi mguu unahamiaje mjini? Unabeba godoro?

Nawasilisha kwa uchungu.

Kobe_wa_Kimara

Pole sana mkuu. Nimecheka mpaka konda kaniuliza kama niko sawa. Shikamoooo!

BintiMpakuaji

Kabla sijatoa pole nataka kujua, hilo pilau lilikuwa na viazi au halina?

Mlalahoi77

Ngoja wataalamu waje. Mimi niko siti ya mbele na karanga zangu.

KipimaMaji

Mtaalamu nimeshafika. Mleta uzi, vipimo vyako ulivyovidharau ndiyo kesi yenyewe. Huyo fundi zege la ngazi alilimwaga sawasawa, vidato vyote sentimita 17. Kosa lilikuja kwenye sakafu. Chini kukamwagwa zege jembamba la kusawazisha, juu yake vigae, sakafu ikapanda kama sentimita 5. Ghorofani vile vile. Vidato vyenyewe vikapata kigae tu, kama sentimita 1. Kwa hiyo kidato cha kwanza kikamezwa sentimita 4 na cha mwisho kikaongezewa hizo hizo 4. Kakopa chini kalipa juu. Ilibidi apige hesabu ya sakafu iliyomalizika kabla hajafunga mbao za zege.

Mguu ukishapanda vidato viwili vitatu unakariri, macho yanaacha kazi. Ndiyo maana unaweza kupanda gizani, au na sufuria mbele ya uso. Tofauti ya sentimita moja tu mguu unaisikia, na wewe ulikuwa na 4. Mfaransa François Blondel aliiandika kanuni hii karne ya 17: zidisha kimo mara mbili, jumlisha upana wa pa kukanyagia, upate sentimita 60 na kitu, isizidi sana 65. Ni hatua ya binadamu hiyo. Ukiwa na kimo cha 17 na upana wa 28, unapata 62. Mwili unapanda bila kufikiri.

Mpangaji_wa_Juu

Asante mkuu, nimekuelewa. Blondel wako alimwambia mteja wake mguu haujahamia mjini? Jibu ndiyo au hapana.

Kobe_wa_Kimara

Paris au kijijini kwao?

Mtaa_wa_Pili

Uzi bila picha ya kilemba hii ni chai. Mchele unarukaje mpaka kichwani kwa mtu aliyekaa kwenye kochi?

Mpangaji_wa_Juu

Sufuria lilipinduka hewani mkuu! Nilikuwa kwenye kimo cha sentimita 21! Unataka nimwambie mama mkwe arudi tupige picha?

KipimaMaji

Watu wanadharau vitu hivi. Mwaka 2014, kwenye maonyesho makubwa ya usanifu ya Venice, msanifu Mholanzi Rem Koolhaas alijaza jumba zima kwa vitu vya kawaida tu: sakafu, ukuta, dari, paa, mlango, dirisha, korido, choo, ngazi, lifti. Kila kimoja na chumba chake. Hakuweka michoro ya wajenzi maarufu wa siku hizi, maana nyumba unaijua kwa hivi unavyovigusa kila siku...

Mlalahoi77

Kwa hiyo watu walikata tiketi ya ndege kwenda kutazama choo? Mimi cha kwangu hata mwenye nyumba hataki kuja kukitazama.

MamaWawili_Mbagala

Nyie na ngazi. Ngazi unaipanda mara mbili kwa siku unaisahau. Mimi dirisha linanipika saa 24. Yule yule wenu wa pikipiki nyekundu alituambia madirisha ya mbao yamepitwa na wakati, tuweke aluminiamu ya kusukuma. Tukaweka. Dirisha la mita moja na nusu, ukisukuma kioo kimoja kinaenda kujificha nyuma ya mwenzake, kwa hiyo hata ufanye nini upepo unapita nusu. Weka wavu wa mbu, weka grili, weka pazia la mume wangu la harusi ambalo hataki litolewe. Dar es Salaam, Februari! Usiku tunalala kama mandazi kwenye karai.

Nilipomlalamikia akasema mwili wangu ndio una joto.

Kobe_wa_Kimara

Subiri. Mguu wa mmoja ni mshamba, mwili wa mwingine ni jiko. Huyu ni fundi au daktari?

Nyundo_ya_Jioni

Kumbe ni YEYE? Kwangu mlango wa choo unafungukia ndani na unagonga sinki. Ukitaka kufunga lazima upande kwanza juu ya sinki la choo ukae, uukunje mguu, ndipo mlango upite. Akaniambia kiuno changu ndicho kipana.

Mtaa_wa_Pili

Kwetu linta ya mlango wa jikoni kaiweka chini. Mimi ni mrefu wa kawaida tu, lakini kila asubuhi nikiingia kuchukua chai naisujudia. Nikisahau nakumbushwa hapa kwenye paji. Yeye kasema nywele ndizo ndefu. Nina upara.

Mpangaji_wa_Juu

Jamani poleni, lakini nani kati yenu kamwaga pilau kwenye kilemba? Tuheshimiane.

Mzee_wa_Ukumbi

Wanangu, hamjambo. Sisi tuliokulia Kariakoo kwenye nyumba za Kiswahili hatukuyajua haya. Mlango wa mbele, baraza, ukumbi katikati umenyooka mpaka uani, vyumba vitatu huku, vitatu kule. Mlango wa mbele na wa uani ukiwa wazi, upepo wa kaskazi au wa kusi unapita humo humo, hauhitaji feni. Baraza ilikuwa sebule ya mtaa mzima. Mgeni ambaye hujui kama umkaribishe ndani, unamkalisha barazani. Sasa nyie mmejenga ukuta wa futi nane na geti la chuma, mgeni anaongea na kitasa.

Mlalahoi77

Shikamoo mzee. Ila kwenye ukumbi huo huo wapangaji sita mlikuwa mnasikiana mpaka kukoroma.

Mzee_wa_Ukumbi

Marahaba. Tulikuwa tunajuana afya.

Mwana_wa_Amu

Mzee kasema kweli ila hajafika mwisho. Njooni Lamu muone mawe yanavyosema na mguu. Nyumba za kale kwetu unaanzia dakani, pale penye viti vya mawe pande mbili, nje ya mlango. Mgeni wa maneno mawili haendi mbele ya hapo. Ukiingia, njia inapinda kwanza ili macho ya mpita njia yasione watu wa ndani. Kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, vile vyumba virefu vyembamba, kisha ndani kwenyewe kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Na kila unapoingia zaidi, sakafu yapanda kidogo. Kidogo tu. Hakuna anayekuambia "ishia hapo", mguu ukikuta kipando unajua umefika pa watu. Sasa huyo fundi wenu sentimita 4 kazitia mahali ambapo hazisemi kitu. Mji wetu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, si bure.

Forodhani_Usiku

Sisi Mjini Mkongwe tuliingia 2000. Tumewatangulia, semeni na nyinyi shikamoo.

Mwana_wa_Amu

Mmetangulia kwenye karatasi.

Forodhani_Usiku

Haya. Lakini kwa kweli nyumba zile mtu akizisifu sana namuuliza, umewahi kuingiza kabati la siku hizi? Chumba chetu kirefu kama mtumbwi, chembamba kama mtumbwi. Sababu ni boriti. Mti wa mkoko hauwezi kubeba dari la mawe na chokaa ukiwa mrefu sana, mwisho wake kama mita 3 hivi. Basi upana wa chumba ukaamuliwa na mti, harusi ya kakangu ikaamuliwa na chumba: kitanda cha futi sita kwa sita kimeingia, bibi harusi kabaki mlangoni. Na ngazi ya bibi yangu inapandwa kama mnazi, kila kidato kina kimo chake. Hakuna aliyeanguka kwa sababu hakuna anayeiamini.

Kobe_wa_Kimara

Mleta uzi, umesikia? Tatizo lako uliiamini ngazi.

Mpangaji_wa_Juu

Nimwamini nani sasa? Vidato 16 mfululizo vimesema 17! Ni kama mtu akusalimie vizuri mara 16, ya kumi na saba akuzabe kofi! Na marahaba nimeitikiwa nikiwa nimepiga magoti kwenye mchuzi!

BintiMpakuaji

Kwa hiyo kulikuwa na mchuzi pia. Na viazi je?

Rungu_la_Pipeline

Hapa Nairobi nawasoma nikiwa ghorofa ya 7 na lifti hakuna, mtungi wa gesi naubeba begani. Ngazi zenyewe ziko sawa, shida ni giza. Wamejenga ghorofa mkabala, balkoni yangu na yao zimebusiana. Jirani akipika omena mimi ndiye ninayekula harufu. Mchana nawasha taa ndiyo nione uji. Mtu wa kulalamikia sentimita 4 na ana jua, mimi namuona tajiri.

MamaWawili_Mbagala

Njoo uchukue jua langu lote na dirisha lake.

Nyundo_ya_Jioni

Tukiwa hapa hapa, kuna mtu ana lile paa la kuficha, la kontemporari? Ule ukuta wa juu unaozunguka ili bati lisionekane? Mvua ya juzi maji yamekwama humo kama bwawa, majani ya mwembe yameziba mdomo wa bomba, dari la jipsamu limeshuka lote juu ya televisheni. Picha ya kwenye simu ilikuwa nzuri kweli.

Mtaa_wa_Pili

Nilisema tangu mwanzo, bati la msauzi, mwinuko wa kutosha, mapana ya kutoka nje ya ukuta. Mvua inateremka yenyewe, jua haligusi ukuta.

Nyundo_ya_Jioni

Msauzi limekuwa kama sare ya shule, kila nyumba. Afadhali nilowe kistaarabu.

Mlalahoi77

Mimi bati lipo, dari hakuna. Mvua ikinyesha tunagombana kwa ishara.

Mzee_wa_Ukumbi

Makuti. Hayapigi kelele, hayapiki mtu.

Mtaa_wa_Pili

Mzee, makuti yakishika moto je?

Nyundo_ya_Jioni

Tusitoke nje ya mada. Mada ni bomba la paa. Inchi 3 au 4?

KipimaMaji

4, mawili, na tundu la dharura ukutani juu kidogo ya bomba. Likiziba, maji yatokee nje yasiingie ndani.

Mpangaji_wa_Juu

Mada ni MGUU WANGU!

Nyundo_ya_Jioni

Asante KipimaMaji. Hilo tundu nitoboe upande wa barabarani au wa kwa jirani?

Mgeni_Jamvini

Wakuu habari, sijasoma kurasa zote. Nina msingi wa ghorofa moja Kigamboni, natafuta fundi wa ngazi. Nimeambiwa kuna mmoja wa pikipiki nyekundu, bei zake rafiki. Mwenye namba yake tafadhali.

Kobe_wa_Kimara

Mama mkwe wako anapenda kuvaa kilemba?