Mnatuchangisha kwa jina la imani, tukiuliza hela iko wapi mnatupa mstari

Bwana asifiwe wapendwa, na ambao sio wapendwa habari zenu. Leo sijaja kupamba, nimekuja kulalamika na ntakuwa mrefu, mvivu wa kusoma apite tu.

Ni hii ishu ya kuchangisha hela za kwenda kongamano la wanafunzi wa Kikristo. Feloshipu yetu (silitaji jina, wenyewe wanajijua na najua wanapitaga humu kimyakimya) ilitangaza mapema kabisa kwamba safari hii tunakwenda wengi, asiye na hela asiogope, "hakuna atakayebaki kwa sababu ya ada". Hayo maneno yalisemwa mbele ya watu wote kwa maiki, ukumbi ukaitikia ameni, na sisi tusio na kitu ndo tuliitikia kwa nguvu kuliko wote. Sasa kongamano limeshapita. Walioenda wamerudi wanapost mapicha na beji shingoni, na sisi tuliobaki kwa sababu ya ada tunaambiwa tuwe na roho ya shukrani. Shukrani ya nini jamani?

Ngoja nielezee ilivyokuwa ili mtu asije akasema nina wivu.

Ada ilikuwa ya aina mbili, ukilipa mapema unalipa kidogo, ukichelewa inapanda. Sawa, waandaaji wa makongamano karibu wote wanafanya hivyo na sababu yake naijua, lazima walipie ukumbi kabla, lazima wajue vitanda vingapi, hawawezi kusubiri mpaka siku ya mwisho. Siwalaumu kwa hilo. Lakini kaa chini ufikirie ni nani anayeweza kulipa mapema. Ni yule ambaye mzazi akipigiwa simu moja hela inaingia. Sisi wa kuchangisha hela yetu inakuja kwa matone, huyu anakwambia subiri mshahara utoke, yule anakwambia nikumbushe wiki ijayo, mwingine anaahidi kwa furaha kabisa alafu simu haipokelewi tena, kwa hiyo mpaka unakaribia kufikisha ile ada ya mwanzo unakuta ilishapanda, na unaanza kuikimbiza upya. Yaani mwenye nacho anapewa punguzo, anayeomba anapigwa faini ya kuomba. Na hili lilikuwa na dawa! Feloshipu ilikuwa na hela kwenye akaunti tangu mwanzo, hela ya kuosha magari ambayo tuliitafuta wenyewe, wangeweza kuitumia kushika nafasi zetu kwa ile bei ya chini alafu sisi tukarudisha kidogo kidogo kadiri michango inavyoingia. Nililisema kwenye kikao. Nikajibiwa tusiende mbele za Mungu na mahesabu ya kibinadamu.

Alafu ile listi ya wasapu. Wale mlio kwenye magrupu ya michango mnaijua. Majina yote yamepangwa, kila jina na kiasi mbele yake, waliomaliza wana tiki ya kijani, na kila usiku mweka hazina anaikopi anaibandika tena na viganja vya maombi chini yake, "wapendwa tusiiache listi ilale". Kila mtu anaiona. Wazee walioalikwa kuchangia wanaiona, watu tunaokaa nao darasani wanaiona. Mimi jina langu lilikuwa huku chini na kakiasi kamekaa palepale wiki nzima, kila ikibandikwa upya naangalia kama vile kitabadilika chenyewe. Kuna dada mmoja mpole sana alijitoa kwenye grupu kimyakimya, mwenyekiti akaandika "tumwombee dada yetu, adui anapigana na imani yake". Kaka, adui gani? Ni hiyo listi yako.

Na barua je. Tulipewa barua moja ya mfano, unajaza jina lako, unabandika picha yako, ndani imeandikwa kwamba umesikia wito na unaomba wadau wasimame nawe. Chini kuna namba ya akaunti. Akaunti ya feloshipu, sio yako. Hapo ndo panaponiuma mimi, tuelewane hapo vizuri.

Shangazi yangu hana hela za kuchezea. Alituma kwa sababu aliona picha yangu mimi na jina langu mimi, akanipigia akasema mwanangu nenda kamtafute Mungu. Wengine nao wakatuma kwa sababu hiyohiyo. Usajili ulipofungwa sikuwa nimefikisha, nilikuwa nimevuka nusu tu, na hapo ndo tukasikia kwa mara ya kwanza kwamba hela ya asiyefikisha "inaingia kapu la pamoja kusaidia walio karibu kumaliza". Haya, walio karibu kumaliza ni kina nani? Listi ya wasafiri ikatoka. Komiti nzima ipo. Timu ya sifa ipo, mpaka mpiga kinanda aliyejiunga juzi. Kwenye ile listi ya wasapu baadhi yao walikuwa chini yangu, CHINI YANGU, na ninazo skrinshoti. Kwa hiyo sura yangu ilichangisha, jina langu likachangisha, shangazi yangu akajinyima, akaenda mtu mwingine.

Nikiuliza naambiwa ndo utaratibu, mchango ukishaingia kwenye huduma ni wa huduma. Naujua huo utaratibu, msifikiri sijui. Mashirika mengi ya wanafunzi ndo yanavyofanya, na kuna nchi sheria zenyewe zinalazimisha, Marekani kwa mfano mtoaji anapata nafuu ya kodi kwa sababu ametoa kwa shirika, shirika ndo lenye mamlaka na hiyo hela, hawezi mwanafunzi kuichukua akaitia mfukoni. Hata mitandao ya kuchangishia ina masharti yake na mingi inakata chake kwenye kila mchango, na huwa wanakuonyesha kabla hujabonyeza. Sasa nyie mlituonyesha wapi? Kwenye ile barua kuna mistari ya Biblia minne na hakuna sentensi hata moja inayosema "mwanafunzi asipofikisha, mchango wako atapewa mwingine". Mngeiandika shangazi angechagua mwenyewe. Labda angetoa tu, ni mtu wa kutoa. Ila angechagua.

Na utetezi wao mkubwa ni George Müller, yule mhubiri wa zamani aliyekuwa na nyumba za yatima Uingereza. Kila kikao Müller, Müller hakuomba mtu hela, Müller alipiga magoti tu hela ikaja. Ni kweli, yule mzee wa Bristol alilea yatima zaidi ya 10,000 katika maisha yake na hakuwa anawaendea watu kuwaambia mahitaji yake. Lakini mnaisimulia nusu! Huyohuyo Müller alikuwa anachapisha taarifa kila mwaka, kilichoingia na kilichotoka, wanaotoa wanapewa risiti, hata michango midogo midogo kabisa imeandikwa. Alikuwa mtu wa magoti na mtu wa daftari. Nyie mmechukua magoti mkaacha daftari, na hata magoti yenyewe hamkuyachukua sawasawa maana Müller hakuwahi kubandika listi ya watu kila usiku.

Paulo naye. Wanapenda sana 2 Wakorintho 9:7, Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu. Rudini nyuma sura moja tu. Sura ya 8 Paulo anachangisha kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, na hakuibeba hela peke yake, alimtuma Tito na ndugu mwingine anayejulikana makanisani na ambaye makanisa yenyewe yalimchagua, na sababu anaisema wazi, mtu asije akawalaumu kwa habari ya hizo fedha, wafanye yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mbele za wanadamu! Mtume anakubali kukaguliwa, mweka hazina wa feloshipu anasema nikimwuliza risiti namgusa mpakwa mafuta.

Hela ya kuosha magari ndo kabisa. Jumamosi kwa Jumamosi tunainama na ndoo, mikono imekunjamana kwa sabuni, wanakomiti wanakuja kupiga picha na tambara kavu kisha wanaondoka "kwenye kikao". Nilivyoomba hesabu yake nikaletewa karatasi yenye mstari mmoja, "gharama za uendeshaji na fulana", alafu jumla. Fulana zenyewe tuliuziwa.

Mtu asiniambie nayachukia makongamano. Nayajua yalivyofanya kazi. Mwaka 1886 wanafunzi zaidi ya 200 walikusanyika Mount Hermon kule Massachusetts, wakatoka watu 100 waliojitolea kwenda umisheni, mmoja wao John Mott, ambaye 1895 alikuwa miongoni mwa walioanzisha shirikisho la wanafunzi Wakristo la dunia kule Sweden, na 1946 akapewa Nobel ya amani. Mwaka huohuo wa 1946 ndo likafanyika Toronto lile kongamano la umisheni ambalo baadaye likahamia Urbana, Illinois likachukua jina la huo mji. Mwanafunzi anaweza kwenda kongamano moja akarudi na kazi ya maisha yake. Ndo maana naumia. Ingekuwa ni pikiniki ningenyamaza.

Ninachotaka sasa ni hesabu ya kila mchango ulioingia kwa jina la mtu ambaye hakwenda, ulitumika kwa nani. Nataka waliotoa waandikiwe, na waandikiwe na komiti, mimi simpigii shangazi kumweleza kitu ambacho sikukifanya, alinipigia juzi akauliza "mwanangu, ulikula vizuri huko? mahubiri yalikuwaje?" na nilikata simu kwa kisingizio cha mtandao. Na kwa safari nyingine yoyote ile hela ya kazi za pamoja itumike kushika nafasi za wasio na kitu KWANZA, kabla bei haijapanda, komiti ijilipie kama watu wengine. Na ile listi ifutwe, kila mtu atumiwe salio lake mwenyewe.

NYONGEZA: naona kuna mmoja hapo chini ameandika "mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani". Tulianzia nyumbani kaka. Nimeandika barua kwa mwenyekiti, nimeandika kwa mlezi, nimeongea kwenye kikao nikazimiwa maiki. Na wewe uliyeniambia inbox kwamba utanilipia ada ya kongamano linalofuata nikifuta huu uzi, asante ila sifuti. Hiyo hela umeitoa wapi?