Core i5-8600K kwenye 4.8GHz: gemu inapiga freshi, nikirenda video inajirestati. Niongeze voltiji au nishushe spidi?

mpigapicha_mbagala
Wakuu habari za muda huu. Nina desktop ya Core i5-8600K, mazabodi ya Z370, RAM 16GB za 3200 nimewasha XMP (profaili ya kuipandisha RAM spidi), hitisinki ni Hyper 212, kadi GTX 1060. Kazi yangu video za harusi na send-off, natumia Premiere. Nimeovakloki (kupandisha spidi ya prosesa kuliko ya kiwandani) mpaka 4.8GHz, voltiji nimeifunga 1.30 kwenye BIOS (mipangilio ya ndani ya mazabodi). Windows inawaka vizuri, Cinebench (programu ya kupima prosesa) inamaliza, gemu napiga masaa na masaa haina shida yoyote. Sasa nikiacha video ndefu irende (itengenezwe kuwa faili la mwisho) usiku nikalale, asubuhi nakuta mashine imejirestati na faili limeishia katikati, kuna siku niliwahi kuiona skrini ya bluu imeandika WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR (kosa la vifaa lisilosahihishika). Joto kwenye gemu halivuki 70, kwenye kurenda linapanda mpaka 91. Niongeze voltiji au nishushe spidi? Na mwisho wa voltiji ambao hauui prosesa ni ngapi? Nina kazi ya mtu ya kukabidhi Jumamosi wakuu, naomba msaada wa uhakika.

kijana_wa_temeke
Ongeza voltiji mkuu weka 1.38 hiyo prosesa inavumilia, mbona wazungu wanaweka mpaka 1.40 na zinaenda 5GHz

fundi_ilala
Mkuu mpigapicha usiweke 1.38 kwa hiyo hitisinki, nisikilize kidogo.

Joto linalotoka kwenye prosesa linapanda na spidi, lakini kwa voltiji linapanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 1.30 kwenda 1.38 unaongeza joto kama asilimia 13 bila kupata hata megahezi moja. Sasa chukua chumba chako kina nyuzi 30, prosesa iko 91, maana yake hitisinki imeshindwa kuondoa nyuzi 61 juu ya hewa ya chumba. Ongeza asilimia 13 hapo unapata 69, jumla 99. Prosesa hiyo ikigusa 100 inajipunguza spidi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo utakuwa umelipa voltiji yote ile ili uende taratibu kuliko sasa hivi. Hao wa 1.40 wengi wana kupoza kwa maji, na wengine wamefungua kile kifuniko cha chuma juu ya prosesa wakabadilisha pesti ya ndani, maana kizazi cha nane Intel waliweka pesti pale, sio risasi ya kuchomea, joto linakwama hapo hapo. Mambo ya kufungua kifuniko sikushauri, ukiteleza na wembe ndo basi.

Kwa nini gemu inakubali na video inagoma: gemu haiibani prosesa yote kwa mfululizo, kore zinapumua. Kurenda H.264 (muundo wa video) kwa prosesa kunatumia maagizo ya AVX2 (hesabu nzito za prosesa), kore zote sita zinabanwa kwa pamoja mpaka faili liishe, umeme unaovutwa ni mkubwa zaidi na voltiji inashuka kidogo chini ya ile uliyoandika BIOS. 1.30 yako ukiwa chini ya mzigo huenda ni 1.26 tu. Fungua HWiNFO64 (programu ya kusoma joto na voltiji) uangalie Vcore (voltiji ya prosesa) wakati inarenda, angalia safu ya Minimum hapo ndo utaujua ukweli.

Na Cinebench kumaliza raundi moja haimaanishi kitu. Ingia Event Viewer, Windows Logs, System, tafuta WHEA-Logger. Ukikuta mistari ya Event ID 19 imeandikwa Internal parity error, basi prosesa ilikuwa inakosea na kujisahihisha kimya kimya siku zote ambazo wewe unaona iko freshi. Kwa mtu wa kazi za wateja hilo ndo linaniuma zaidi kuliko hata kurestati, kwa sababu kosa likipita bila kuonekana linaweza kukaa ndani ya faili, na harusi ya mtu hairudiwi.

Mimi ningefanya hivi. Zima XMP kwanza RAM irudi 2666, kwa sababu hiyo 3200 nayo ni ovakloki, Intel wenyewe prosesa hiyo wameiandikia DDR4-2666, na ukijaribu viwili kwa pamoja hutajua nani mkosaji. BCLK (spidi ya msingi) iache 100 usiiguse. Reshio (namba inayozidishwa na BCLK) weka 46 kore zote, Vcore 1.25, LLC (inayozuia voltiji kushuka chini ya mzigo) weka ya kati, usiweke ya juu kabisa maana mzigo ukiachia ghafla voltiji inaruka juu kuliko ulivyopanga. Halafu Cinebench R23 ile ya dakika kumi, ikipita weka Prime95 (programu ya kuibana prosesa) Small FFTs na AVX iwe imewashwa, nusu saa tu inatosha, jicho liwe kwenye joto, ikipita 90 simamisha. Ikikubali shusha voltiji 0.01 urudie, shusha tena, mpaka itoe kosa au WHEA. Hapo ilipokosea panda 0.02 au 0.03 ndo unaacha. Ukimaliza prosesa ndo unawasha XMP na kupima upya kwa Prime95 ya Blend, hiyo inabana RAM.

Kitu kingine watu wanasahau, pima saa tisa mchana, feni ya chumba na madirisha vikiwa kama unavyofanya kazi siku zote. Hapa Dar ukipima usiku wa manane AC inapuliza unapata namba nzuri za kujidanganya, Februari mchana nyuzi saba nane zinaongezeka juu ya hizo.

Voltiji ya mwisho hakuna namba moja mkuu, ila kwa hitisinki ya hewa na mashine ya kazi mimi sivuki 1.35 na hapo joto liwe chini ya 85. Voltiji kubwa ikikutana na joto kubwa kila siku inachakaza prosesa polepole, spidi iliyokuwa inakubali mwaka huu mwakani inadai voltiji zaidi.

msee_wa_thika
Buda fundi amesema poa sana. Mimi naongeza tu hesabu. 4.8 na 4.6 ni tofauti ya asilimia nne hivi, render yenye inachukua saa moja kwa 4.8 itachukua kama dakika mbili na nusu zaidi kwa 4.6. Hizo dakika si kitu mbele ya kurudia render yote asubuhi.

Alafu una GTX 1060, kwa nini prosesa ndio inabeba kazi yote? Kwa Premiere ukienda kwa mipangilio ya video kabla ya kutoa, chini ya Performance, chagua Hardware Encoding, kadi itafanya hiyo H.264 yenyewe. Efekti kadhaa bado zitakula prosesa lakini ule mzigo mkubwa unaondoka. Ongeza bitireti kidogo tu juu ya yenye umezoea, juu kadi kwa bitireti ya chini inachafua kidogo sehemu za giza, na huko kwa ukumbi wa sherehe giza ni mob. Na kama unataka kabisa 4.8 kwa gemu, weka AVX offset 2 kwa BIOS, gemu zenye hazitumii AVX zinabaki 4.8 na ikifika kwa render inashuka 4.6 yenyewe.

asha_it
Jamani na mimi nidandie hapa, nina OptiPlex ya ofisini niliyonunua mtumba, i5-6500, naweza kuovakloki?

fundi_ilala
Dada Asha hapana, hiyo haina herufi K mwishoni kwa hiyo reshio imefungwa, na mazabodi za hizo mashine za ofisi hazina hayo mambo kwenye BIOS. Kama bado ina diski ya kuzunguka weka SSD, na RAM ifike 16, utaona tofauti kubwa kuliko ovakloki yoyote.

mpigapicha_mbagala
Wakuu nimerudi. Event Viewer nimekuta Event ID 19 zimejipanga, zimeanza tangu wiki niliyoweka 4.8. Nimefanya kama fundi alivyosema, 4.6 ilikubali mpaka 1.21, kwenye 1.20 Prime95 ikatoa kosa kwenye kore moja, nimeacha 1.23. Mchana joto la juu kabisa ni 82. Nimerenda video ya harusi nzima kwa prosesa na nyingine kwa kadi, zote zimefika mwisho na WHEA hakuna hata mstari mpya. XMP bado nimezima, niwashe sasa au nisubiri kazi ya Jumamosi itoke?

fundi_ilala
Subiri kazi itoke mkuu. Hiyo 4.6 ihifadhi kwenye profaili ya BIOS sasa hivi, na namba ziandike pia kwenye karatasi maana ukija kufanya apdeti ya BIOS profaili zinaweza kufutika. Jumapili washa XMP, Blend iende usiku kucha, na kabla haujaianza angalia VCCIO na VCCSA (voltiji za sehemu ya prosesa inayoongea na RAM), mazabodi nyingi ukiwasha XMP zinapandisha hizo mbili zenyewe bila kukuuliza. Ukikuta ziko 1.25 kwenda juu shusha mpaka 1.15 halafu ndo uanze.