Naomba ushauri: mdogo wangu hajalipwa, na timu haitaki kumwachia

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mdogo wangu ni beki wa kushoto, sisi ni watu wa Wete. Alisaini misimu miwili na timu moja ya Ligi Kuu ya Zanzibar (sitoitaja). Msimu wa kwanza umekwisha na mishahara ya miezi mitatu hajaiona. Njumu zake kashazipeleka kwa fundi viatu mara mbili. Sasa timu ya Unguja inamtaka, lakini viongozi wa timu yake ya sasa wanasema ana mkataba. Nakala hana, alichonacho ni picha ya ukurasa wa saini tu kwenye simu. Utoto huo!

Katibu tumemwendea mara mbili, jibu ni "subirini". Kwa maandishi hatujadai kitu.

Najua kanuni za FIFA: asiyelipwa mishahara ya miezi miwili hutoa notisi ya maandishi ya siku 15, kisha anaweza kuvunja mkataba. Lakini mwanachama wa FIFA ni TFF (shirikisho la soka la Tanzania), si sisi Wazanzibari. Je, ZFF (shirikisho la soka la Zanzibar) nayo inaifuata kanuni hiyo? Na nakala ya mkataba tuidai timuni au twende ZFF moja kwa moja, kabla usajili haujafungwa?