Kibofu kubana kila saa: tupeane uzoefu, nini kilikusaidia?

Mama Vitenge, Busia
Jamani habari zenu. Mwaka wa pili huu kibofu kinanibana ghafla kama mtu anakamua nguo, nakimbilia chooni natoa matone tu. Kila kliniki naambiwa yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, antibayotiki kozi nne nimemeza bila nafuu, mpaka nesi mmoja akaniuliza umewahi kuotesha mkojo, yaani maabara waone kama kuna bakteria wanaoota? Nikaotesha, hakuna bakteria. Nilikaa pale kwenye benchi nikalia. Sasa natumia oksibutinini, vidonge vya kutuliza kibofu, mdomo unakauka mpaka ulimi unanata, ila usiku naamka mara mbili sio saba. Nyie mlifanyaje?

Dereva wa Arua
Pole sana mama. Mzee wangu alipasuliwa tezi dume akawekewa mpira wa kutoa mkojo, kibofu kikikaza anashika chuma cha kitanda anapiga kelele na mkojo unapita pembeni ya mpira, sisi tukadhani mpira ni mdogo. Kumbe mrija umekunjika chini ya paja, halafu choo kikubwa hajapata siku tano. Tukaunyoosha, mfuko tukauning'iniza chini ya usawa wa kibofu, akapewa dawa ya kulainisha choo, akatulia jioni ileile. Mkojo ukiacha kabisa kuingia kwenye mfuko msingoje kesho, rudini hospitali.

Binti Nakawa
Mimi ni mazoezi. Kikibana sikimbii, nakaa, nakaza misuli ya chini, ile ya kuzuia mkojo, harakaharaka mara tano sita, ile hamu ikipita ndo natembea polepole. Nilikuwa naongeza dakika chache kila wiki, nafuu niliiona mwezi wa pili. Chai nimebaki na kikombe cha asubuhi tu.

Mwalimu, Lira
Ukiona damu kwenye mkojo pima kichocho pia, huku Lango kile cha kibofu kipo, dawa yake prazikwanteli.

Kaka wa Jinja
Dada yangu aliumia uti wa mgongo kwa ajali ya boda, vidonge vikashindwa, akachomwa Botox, sindano ya kulegeza misuli, ndani ya kibofu. Imemsaidia sana ila baada ya miezi inaisha nguvu anachomwa tena, na ilibidi ajifunze kujitoa mkojo mwenyewe kwa mrija.

Mama Vitenge, Busia
Mungu awabariki. Na mama yangu ana miaka 74, shida ni hiihii, nimgawie vidonge vyangu?

Binti Nakawa
Hapana dada, usimpe! Oksibutinini inaweza kumchanganya akili mtu wa umri huo. Mpeleke apimwe, muulizie mirabegroni, dawa nyingine ya kibofu, na presha yake waiangalie kwanza.