Naomba ushauri: kanda za taarab ya Tanga nizipange vipi kwa zama?

Wakubwa shikamooni. Niko Ngamiani, Tanga, na nimerithi kwa marehemu baba sanduku la kanda za taarab zisizoandikwa mwaka. Baadhi nazitambua: za vikundi vya Black Star na Lucky Star vya hapa Tanga, nyingine zikiwa na sauti ya mwimbaji Shakila, zina gitaa la umeme na besi pale ambapo Waunguja walizoea udi, kanuni na fidla; za miaka ya 1990 nazo zimejaa kinanda na mipasho, ambayo baba hakuipenda hata kidogo. Kinachonitatiza ni kanda kama ile niliyoirudisha utepe kwa penseli jana, ambamo gitaa bado linatawala lakini maneno yameanza kuwa makali. Je, nifuate ala, mashairi, au mapigo?