Naenda Norway kupiga mbizi, draisuti (suti ya mbizi isiyoingiza maji) gani na ndani nivae nini?

MikindaniKwetu: Wakuu habari za jioni, mi napiga mbizi huku Mtwara, Msimbati na Mnazi Bay, maji yetu yana joto wetsuti nyembamba (suti ya mbizi inayoingiza maji kidogo) inatosha kabisa, sasa nimepata kazi Norway maji ya digrii 5 hivi, naombeni ushauri, baridi naiogopa kwelikweli.

Baharia_Shangani: Mkuu draisuti ya kitambaa chembamba yenyewe haina joto, inazuia maji tu, joto linatokana na nguo za ndani na hewa inayonasa humo. Ya neoprini (mpira wenye vipovu vya hewa) ina joto lake ila ukishuka presha inaibana inakuwa nyembamba, we chukua ya kitambaa.

Dada_wa_Lindi: Kaka pamba usivae kabisa!! inanyonya jasho halafu inakaa na unyevu, utatetemeka. Sufu nyembamba kwenye ngozi, juu yake flisi nene (kitambaa laini chenye manyoya manyoya), soksi za sufu pia, na suti isikubane, uchuchumae nayo dukani uone kama mkono unafika kwenye valvu za kuingiza na kutoa hewa.

Baharia_Shangani: Na usome kozi yake kwanza, hewa ikikimbilia miguuni unapinduka kichwa chini unapaa bila breki, hatari hiyo.

MikindaniKwetu: Shukrani sana, glavu je?

Dada_wa_Lindi: Vaa glavu kavu, zisizoingiza maji, na ndani yake za sufu.