Siku moja ya picha za maharusi Unguja: Mji Mkongwe, Kendwa au Michamvi?

Lenzi ya Fuoni

Assalaam alaykum, wakubwa zangu na wenzangu wa kazi. Nimekabidhiwa maharusi ambao nikaha yao itasomwa Agosti, tarehe 14 ya mfungo sita (mwezi mwandamo wa sita baada ya Ramadhani), na siku ya pili yake nimepewa kutwa nzima, tangu asubuhi hadi usiku, niwapige picha nje ya ukumbi. Bwana harusi anataka Mji Mkongwe kwa sababu ndiko alikozaliwa babu yake, anataka Kendwa kwa sababu ya machweo, na anataka Michamvi kwa sababu rafiki yake alipigwa picha huko, na yote hayo kwa siku moja. Mama yake bi harusi ana sharti moja tu: hataki picha atakayoitundika sebuleni ionyeshe, nyuma ya mwanawe, wageni walio nusu uchi. Nina kamera mbili, lenzi ya milimita 35 na ya milimita 85, na fleshi moja. Naomba mnilinganishie sehemu hizi kwa mwanga, kwa maji na kwa stara. Bei ya mafuta niachieni mwenyewe.

Dereva wa Shamba

Mimi si mpiga picha, lakini nimewabeba maharusi wengi na barabara naijua. Kutoka mjini hadi Kendwa ni karibu kilomita 60, na hata ukitoka baada ya watoto kuingia skuli utachukua saa moja na nusu. Kutoka Kendwa hadi Michamvi ni saa mbili na zaidi, kwa sababu unakishuka kisiwa karibu chote kisha unapanda tena kuifuata ncha ya Michamvi, na hapo sijahesabu kusimamishwa na askari wa barabarani. Niliwahi kuwapeleka maharusi sehemu tatu kwa siku moja. Tulipofika ya tatu bi harusi alikuwa amelala kiti cha nyuma, ua la kichwani limelala naye, na bwana harusi anampepea kwa risiti ya mafuta. Chagua mbili, na ya kwanza iwe ile iliyo karibu na nyumba waliyolala.

Mzee wa Baraza

Walaykum salaam, mwanangu. Nilianza kazi hii zama za filamu ya picha 36, wakati kila ukibonyeza unahesabu pesa, kwa hiyo nitakusemea Mji Mkongwe, ambao ndio ninaoujua, na kwengine watasema wenye kwao.

Watu huupendea milango, na milango ni mizuri kweli, lakini mali yake hasa kwa mpiga picha ni kuta. Uchochoro una upana wa hatua tatu au nne, na kuta zake zinapanda ghorofa mbili tatu, zimepakwa chokaa. Jua la saa 2 asubuhi linapiga sehemu ya juu ya ukuta mmoja, linarudi kwenye ukuta wa pili, na hadi liwafikie maharusi walioko chini limeshalainika kama lililochujwa kwa shela. Hapo huna haja ya fleshi wala ya ubao wa kurudishia mwanga. Ikifika saa 5 jua linashuka lenyewe hadi chini, uso unagawika nusu mweupe nusu mweusi, na hapo funga begi uende zako.

Milango yenyewe iko ya aina mbalimbali. Wa Kihindi una vibao vinavyokunjana na misumari mikubwa ya shaba. Wa Kiarabu una kizingiti cha juu kilichochongwa, mara nyingi kwa maandishi, na mnyororo uliochongwa kwenye miimo. Yote miwili mbao zake zimekoza rangi, basi mbele yake msimamishe bi harusi mwenye nguo nyeupe, na bwana harusi mwenye joho jeusi msogeze kwenye ukuta wa chokaa. Ukifanya kinyume, utapata joho lisilo na mtu na shela lisilo na mwisho. Tena mlango ni wa mtu, kwa hiyo piga hodi kwanza, na waliokaa barazani uwasalimie kabla hujatoa kamera.

Uso wa Beit el Ajaib usiutegemee: jumba hilo la Seyyid Barghash la mwaka 1883 lilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na picha za zamani unazoziona mitandaoni huzipati leo. Forodhani, bustani ya ufukweni hapo hapo Mji Mkongwe, jioni pia sikushauri, si kwa ubaya wa machweo, bali kwa sababu vijana wa makachu watakuwa wanaruka baharini nyuma ya bi harusi mmoja baada ya mwengine, na huwezi kuwaambia wasimame, maana pahala ni pao. Na droni, kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iache nyumbani.

Mtoto wa Nungwi

Naona Kendwa inasahaulika, nami ndiko kwetu. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, na kusi linapiga pwani ya mashariki moja kwa moja: shela litapaa, mchanga utaingia kwenye lenzi, na nusu ya picha zako bi harusi atakuwa ameshika kichwa. Kendwa inatazama magharibi, upepo unaupa mgongo, jua linazama baharini mbele yako, na maji hayaendi mbali yanapokupwa kama yanavyokwenda Paje au Jambiani, ambako unaweza kutembea mpaka kwenye mwamba. Ukitaka kitu cha kwetu hasa, Nungwi wapo mafundi wanaounda majahazi ufukweni kwa tezo na keekee, na ubavu wa jahazi lisilopakwa rangi ni ukuta mzuri kuliko ukuta wowote.

Kuhusu wageni sitakataa. Wapo, na jioni ndipo wanapozidi. Iko hoteli moja iliyowahi kunitoza ada kwa kuwasimamisha maharusi mbele ya viti vyake, nami nilikuwa nimesimama kwenye mchanga uliolowa na maji. Ukija, uje asubuhi.

Bibi Kamera

Ukienda Kendwa asubuhi, machweo ambayo bwana harusi ameyafuata huko hutayapata. Na ukienda jioni, sharti la mama limevunjika. Kwa maharusi hawa hilo linatosha kuiondoa Kendwa, ingawa kwa wengine ningeitanguliza, hasa kwa ubavu wa jahazi.

Sasa tutazame maji, maana naona kila mtu anataja pwani bila ya kutaja bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Ndugu yangu wa Fuoni, umetupa tarehe ya mwezi mwandamo bila ya kujua kuwa umeshajibu nusu ya swali lako. Siku yako ni tarehe 15, mwezi mpevu, na mwezi mpevu ni bamvua. Kwetu Unguja siku za bamvua maji hukupwa kabisa kiasi cha saa 4 asubuhi na hujaa kabisa kiasi cha saa 10 jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo ukifika pwani ya mashariki saa 4 asubuhi utakuta bahari imekwenda zake, kina mama wa mwani wako kwenye mashamba yao, na bi harusi wako atasimama mbele ya uwanja wa majani na vigingi. Kuna wanaopenda picha hiyo, nami ni mmoja wao, lakini jua la saa hiyo ni kali, na wale kina mama wako kazini, hawakuja kupambia harusi ya mtu. Ukifika saa 10 jioni, pwani hiyo hiyo imejaa hadi kwenye minazi.

Michamvi ni ncha ya ardhi yenye pwani mbili. Upande wa Pingwe unatazama mashariki, na huko maneno ya Mtoto wa Nungwi kuhusu kusi ni kweli tupu. Upande wa Kae unatazama magharibi kwenye ghuba ya Chwaka, umekingwa na ncha yenyewe na minazi yake, kwa hiyo Agosti maji yake hutulia huku wenzao wa Pingwe wanafunga madirisha. Mikoko imeota ufukweni, na maji yakijaa husimama ndani ya maji. Jua la mwisho wa Agosti linazama kiasi cha saa 12:25, likipita nyuma ya mikoko hiyo. Na kwa kuwa ni tarehe 15, mwezi unachomoza upande wa Pingwe karibu na wakati ule ule ambao jua linazama upande wa Kae. Baina ya pwani hizo mbili ni mwendo mfupi wa gari. Sijui pahala pengine Unguja ambapo utawapiga maharusi na jua na mwezi jioni moja kwa urahisi kama huo.

Mambo matatu ya kazi. Mchanga mweupe unarudisha mwanga kutoka chini na kuidanganya kamera, kwa hiyo pima mwanga kwenye uso, usipime kwenye ufukwe, la sivyo nyuso zitatoka zimeingia giza kama za watu wenye homa. Gari ikiwa na kiyoyozi, itoe kamera kwenye begi na ufungue dirisha robo saa kabla hamjafika, vyenginevyo lenzi itashika ukungu na utakaa ukiipangusa huku mwanga unaondoka. La tatu ni la stara: mchukue dada mmoja awe msaidizi wako. Shela likitoka, au bi harusi akitaka picha mbili tatu ndani ya ua wa nyumba ambazo ni za mumewe peke yake, kamera ashike huyo dada, na kadi ya picha hizo usichanganye na nyengine.

Mpemba wa Konde

Nyote mmeisahau Pemba. Bi harusi anayevuka msitu wa Ngezi hadi Vumawimbi anapata ufukwe ambao pengine asikutane na mtu ila mvuvi, na mama mtu hatakuwa na la kusema. Nakubali kwamba boti na siku moja havikai pamoja. Wakipata siku tatu, waje.

Lenzi ya Fuoni

Nawashukuru nyote. Kabla sijamjibu bwana harusi nina swali kwa Bibi Kamera: ikiwa jua linazama saa 12:25 na mwezi unatoka wakati huo huo, sala ya magharibi niipange wapi?

Bibi Kamera

Ipange katikati, kwa sababu haipangiki pengine. Jua likizama wekeni kamera chini, msali kijijini, kisha ndipo mvuke kwenda Pingwe. Hutapoteza kitu: mwezi ukiwa chini kabisa hufichwa na utusiutusi wa baharini, na baada ya kama nusu saa unakuwa umepanda kimo cha mnazi, huku mbingu bado ina buluu kidogo ya kusaidia.

Lenzi ya Fuoni

Nimerudi kutoa taarifa, kwani si adabu kuuliza kisha ukanyamaza. Tulikwenda sehemu mbili: Mji Mkongwe saa 1 hadi saa 3 asubuhi, wakapumzika, tukatoka mjini saa 8 mchana kwenda Kae.

Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe, nilipiga hodi kwenye mlango mmoja kama nilivyoelekezwa na Mzee wa Baraza. Alitoka bibi mtu mzima, akatutazama, akarudi ndani bila ya kusema neno. Tulidhani ametukatalia, na nilikuwa nimeshaanza kufunga begi, alipotokea tena na chetezo cha udi mkononi. Akamfukiza bi harusi shela, upande mmoja kisha wa pili, akamsalia Mtume, na moshi ukapanda kwenye ule mwanga wa ukutani mpaka ukaonekana uzi mmoja mmoja. Nilikuwa na lenzi ya milimita 35, na nilipiga picha kumi na moja kabla hajamaliza. Hakuna niliyoipanga siku ile iliyozifikia.

Kae nilikosea kitu kile kile nilichoonywa. Niliifungua kamera tumeshafika, lenzi ikawa nyeupe kama kioo cha bafuni, na karibu dakika kumi za mwanga mzuri zilikwenda huku bwana harusi akinipepea kamera kwa kofia yake ya viua. Maji yalikuwa yamejaa kama tulivyoambiwa, mikoko imesimama ndani yake, na kusi hatukulisikia. Pingwe tulilisikia: stendi ya kamera ilitaka kuondoka, ikabidi dada msaidizi aikalie mguu mmoja. Mwezi tuliukuta umepanda kimo cha mnazi. Niliwasimamisha wakiuelekea upepo ili shela lipae nyuma badala ya kumfunika bi harusi uso, nikapunguza fleshi hadi ya chini kabisa ili isiushinde mwezi.

Wengi mtataka kuziona. Ya udi bi harusi ameiruhusu kwa kuwa inamwonyesha mgongo na mikono ya yule bibi tu, nitaibandika kesho nikishaipunguza ukubwa. Za Pingwe zimo kwenye flashi diski, na flashi nimemkabidhi mama yake.